Daraja la Greta: Ufundi wa Kujua pa Kuacha

Katika hazina ya michoro ya British Museum jijini London imo picha ya rangi za maji yenye upana wa sentimita 33 hivi na kimo cha sentimita 23, kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya A4. Ndani yake mna daraja la mawe la tao moja, mto uliotulia chini yake, majabali, miti, nyumba, na mbingu yenye mawingu mepesi. Basi. Hamna dhoruba, hamna mapigano, hamna shujaa. John Sell Cotman aliichora mnamo 1805 au punde baada ya hapo, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa kwa brashi na maji. Neno safi nimelichagua. Katika picha hii huoni mahali ambapo mkono ulisita, ukarudi, ukafuta, ukajaribu tena. Ndiyo maana inafaa kutazamwa taratibu, kama tunavyomtazama fundi hodari akiwa kazini, tukifuata hatua baada ya hatua.

Kwanza tulijue lenyewe daraja. Mto Greta unatoka kwenye vilima vya Pennines, kaskazini mwa Uingereza, na unaingia katika mto Tees karibu na jumba la Rokeby. Zama za Cotman eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Yorkshire. Siku hizi liko Durham. Novemba 1771 mafuriko makubwa yaliikumba mito ya upande ule na kubomoa madaraja mengi. Daraja tunaloliona pichani lilijengwa mwaka 1773 kwa ramani ya John Carr, msanifu majengo wa mji wa York, kwa ajili ya familia ya Morritt, wenyeji wa Rokeby. Carr aliruka mto kwa tao moja pana, bila nguzo katikati. Juu yake ilipita njia ya magari ya farasi kuelekea kaskazini-magharibi, na pembeni palikuwa na nyumba za wageni za kubadilishia farasi. Charles Dickens alipita hapo mwaka 1838 alipokuwa akikusanya habari za riwaya yake *Nicholas Nickleby*. Siku hizi barabara kuu imehamishiwa kando, na kijiji kimebaki na utulivu wake.

Cotman hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1782, baba yake akiwa kinyozi aliyegeukia biashara. Mwaka 1798 akaenda London kutafuta riziki ya brashi, akaanza kwa kupaka rangi chapa za muuza picha Rudolph Ackermann, kazi ya kijungujiko. Lakini jioni alikuwa na darasa la aina yake. Daktari mmoja mpenda sanaa, Thomas Monro, aliwakaribisha vijana nyumbani kwake wakanakili michoro ya mabingwa. J. M. W. Turner na Thomas Girtin walikuwa wamepita mikononi mwa daktari huyo kabla ya Cotman. Girtin alifariki mwaka 1802 akiwa na miaka 27 tu, lakini alikuwa ameshawaonyesha wenzake njia mpya.

Njia hiyo ndiyo msingi wa yote tutakayoyaona. Kabla yake, mchoraji wa rangi za maji alichora mistari kwa penseli au wino, akatia vivuli kwa rangi ya kijivu, kisha akamalizia kwa rangi hafifu juu yake. Picha ilikuwa mchoro uliotiwa rangi. Kizazi cha Girtin kiliiacha ile hatua ya kijivu na kuipa rangi yenyewe kazi ya kujenga umbo. Mlima ukawa rangi, mti ukawa rangi, kivuli kikawa rangi. Cotman aliichukua hatua hiyo akaifikisha mbali kuliko mwenzake yeyote wa wakati ule.

Majira ya joto ya 1805 alifika Rokeby pamoja na rafiki yake Francis Cholmeley, ambaye familia yake ilikuwa ikimkaribisha Yorkshire kila mwaka tangu 1803. Akakaa akizunguka kando ya Greta, msituni na kwenye majabali. Baadaye, katika barua kwa mfadhili wake Dawson Turner, alieleza kwamba shughuli yake kubwa msimu huo ilikuwa kupaka rangi huku akiyatazama maumbile yenyewe. Wachoraji wengi walikuwa wakienda nje na penseli tu, rangi wakazitia nyumbani kwa kukumbuka. Cotman alitaka jicho na rangi vikutane hapo hapo, na utulivu wa picha zake za Greta umetokana na mtu aliyekaa na mahali pamoja mpaka pakamzoea.

Sasa tuingie karakanani, tuvitazame vifaa vyake. Karatasi bora ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, yakapondwapondwa, yakachujwa na kukaushwa, kisha ikachovywa katika gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ni muhimu sana: bila hiyo karatasi ingeyafyonza maji papo hapo na rangi ingesambaa ovyo. Rangi nazo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa vidonge vigumu, ambavyo mchoraji alivilainisha kwa brashi yenye maji. Kampuni ya Reeves ilitunukiwa nishani mwaka 1781 kwa kutengeneza vidonge hivyo. Ndani ya kidonge mna unga wa rangi uliosagwa laini, asali kidogo ili usikauke kupita kiasi, na utomvu wa migunga wa kuushikiza kwenye karatasi. Utomvu huo kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye nyika za Afrika, pande za Senegal na Sudan. Kwa hiyo hata mandhari ya Kiingereza kabisa kama hii imeshikiliwa na jasho la miti ya bara letu.

Sifa ya rangi hii ni kwamba mwanga hupita ndani yake. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kuanza na giza na mwishoni akadondosha nukta nyeupe juu ya jicho au juu ya wimbi. Katika rangi za maji zilizo halisi hakuna nyeupe ya kupaka. Mwanga wote unatoka kwenye karatasi: unapenya rangi, unagonga weupe ulio chini, unarudi machoni mwetu ukiwa umevaa rangi. Kila tabaka unaloongeza linapunguza mwanga huo. Unaweza kwenda kutoka weupe kuelekea giza, lakini njia ya kurudi haipo. Maji yakimwagika hayazoleki, na fundi wa rangi za maji anafanya kazi akilijua hilo kila dakika. Lazima aamue kabla ya kuanza ni wapi hatagusa kabisa.

Tazama jinsi mpako mmoja tu unavyofanyika. Karatasi imebanwa kwenye ubao, na ubao umeinamishwa kidogo kuelekea kwa mchoraji. Amekoroga rangi ya kutosha, kwa kuwa ikiishia katikati hataweza kuipata tena ile ile. Anajaza brashi hadi inakaribia kudondosha, anaivuta kutoka upande mmoja hadi wa pili juu kabisa ya eneo analolipaka. Ukingo wa chini wa mstari ule unajikusanyia maji, mlia mwembamba unaong'aa ukining'inia kwenye karatasi. Anashusha brashi, anaugusa mlia ule, anauvuta chini pamoja naye. Tena, na tena, bila kukawia na bila kupapia, mpaka afike mwisho, ambapo ananyonya maji yaliyobaki kwa ncha ya brashi iliyokamuliwa. Kisha anaondoa mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana rangi ikiwa bado mbichi huonekana nzito kupita kiasi, na mkono unawashwa kwenda kurekebisha. Ukigusa wakati huo, unaacha doa lenye kingo zilizochakaa, na halitoki. Cotman alikuwa na subira ya kuondoka na kuiacha ikauke.

Ikikauka, mpako huo unabaki bapa, sawasawa kutoka pembe moja hadi nyingine, na ukingo wake umekatwa wazi. Juu yake anaweka wa pili, mdogo zaidi na uliokolea zaidi, ukiacha sehemu ya ule wa kwanza ionekane. Kisha wa tatu. Hachanganyi kingo wala hazififishi. Umbo la mti linajengwa kwa vipande vitatu au vinne vya namna hii vilivyopandana, kila kimoja na mpaka wake. Mtu wa karne ya 20 akiitazama picha hii mara nyingi hushangaa, kwa sababu vipande hivi bapa vinafanana na vya wachoraji waliokuja miaka mia moja baadaye.

Twende kwenye tao lenyewe. Uso wa daraja unang'aa, nao umezungukwa na wingi wa miti ya kahawia na kijani kizito. Ukikaribia, unagundua kwamba mwangaza wa mawe umepakwa kwa rangi hafifu mno, karibu karatasi tupu, na kinachoufanya ung'ae ni ule ukolevu wa miti iliyo jirani nao. Mchoraji hakuuchora mstari wa kutenga daraja na miti. Aliupaka mti mpaka pale ambapo daraja linaanza, akasimama. Mpaka wa daraja umezaliwa kutokana na kusimama huko. Upande wa ndani wa tao, kule kunakoingia kivuli, amelaza tabaka moja zaidi, na kwa tabaka hilo daraja limepata unene, jiwe limepata uzito, na tunajua mara moja jua liko upande gani. Penseli ilipita kwanza kuweka vipimo, kama kawaida yake, lakini kazi ya kutushawishi imefanywa na rangi.

Chini ya tao kuna maji. Wachoraji wengi wakifika kwenye maji hupagawa: huweka viwimbi, povu, michirizi ya kila namna ili kuthibitisha kwamba ni maji. Cotman aliweka sura ya daraja ikiwa imegeuka, rangi zile zile zikiwa zimeshushwa ukali kidogo, na akaacha uso wa mto ubaki mtulivu. Tao la juu na tao la majini yanakaribia kufunga duara, na jicho la mtazamaji linaingia humo na kutulia. Mbele yake majabali yametawanyika mtoni, kila moja likiwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli, mipako miwili au mitatu na hakuna zaidi. Hata hivyo unahisi ugumu wake. Ungeweza kukanyaga.

Angalia pia alichokiacha. Miti ile haina jani hata moja lililochorwa peke yake. Alikuwa ameyaona majani. Mtu aliyezunguka msituni siku nyingi hawezi kukosa kuyaona. Ila aliuliza swali gumu zaidi: mti huu, kwa umbali huu, saa hii ya mchana, una umbo gani hasa? Jibu lake likawa bonge moja la rangi lenye ukingo wa mawimbi madogo, na ndani yake bonge jingine lililokolea. Kupunguza namna hii kunataka maarifa mengi kuliko kuongeza. Anayeongeza anaweza kujificha nyuma ya wingi wa vitu. Anayepunguza hana pa kujificha, kwa kuwa kila kilichobaki kinaonekana.

Huu ulikuwa wakati wa ulimbwende katika sanaa ya Ulaya, wakati ambapo washairi na wachoraji waligeukia milima, mito na magofu wakitafuta humo hisia ambazo miji na viwanda havikuwapa. Tumezoea kuujua ulimbwende kwa sauti yake kubwa: Turner na bahari zake zinazochafuka, miale ya jua inayomeza majengo. Bonde hili hili la Greta lilimvutia Turner pia, naye alilichora baadaye, na Walter Scott alilitungia shairi refu, *Rokeby*, lililotoka mwaka 1813. Cotman anatuonyesha upande mwingine wa mkondo ule. Hisia yake haipigi kelele. Imo katika heshima anayovipa vitu vya kawaida. Mwaka ule ule wa 1805 alichora lango bovu la mbao lililoning'inia juu ya kijito katika bustani ya Duncombe, akaacha jumba la kifahari lililokuwa karibu. Kwake lango lile, kama daraja hili, lilistahili umakini wote ambao binadamu anaweza kuutoa.

Nikifikiri kwa nini picha hii inashikamana hivi, narudi kwenye kile kinachochorwa. Tao la mawe husimama kwa sababu kila jiwe limechongwa kwa kipimo chake na kuegemea mwenzake. Ukilitoa moja, mengine yanaanguka. Picha nayo ni vivyo hivyo. Bonge la mti linaegemea daraja, daraja linaegemea kivuli chake majini, majabali yanashikilia sehemu ya chini isielee. Funika kwa kidole jabali moja la mbele katika nakala yoyote ya picha hii, uone jinsi uzito unavyokimbilia upande mmoja. Carr na Cotman hawakufanya kazi moja, lakini wote wawili walijua kupima kabla ya kuweka.

Soko halikumlipa. Mwishoni mwa 1806 alirudi Norwich, akajiunga na chama cha wachoraji kilichoanzishwa na John Crome na wenzake mwaka 1803. Aliishi kwa kufundisha kuchora, na hata alianzisha utaratibu wa kuazimisha michoro yake kwa malipo ili wanafunzi wainakili nyumbani. Mwaka 1810 alilirudia Daraja la Greta katika picha kubwa zaidi, yenye upana wa sentimita 50 hivi, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Norwich Castle. Ni nzuri, imetanuka na imetulia, lakini mimi naipenda zaidi ile ya kwanza, ambayo ina ule mshituko wa kuona kwa mara ya kwanza. Miaka iliyofuata aliitumia kwa kiasi kikubwa kuchora na kuchapa majengo ya kale, yakiwemo makanisa ya Normandy nchini Ufaransa, ambayo kitabu chake kilikamilika mwaka 1822. Alisumbuliwa na vipindi vya huzuni nzito. Mwaka 1834 akapata kazi ya kufundisha kuchora katika King's College School, London, na humo mmoja wa wanafunzi wake akawa Dante Gabriel Rossetti, aliyekuja kuwa mshairi na mchoraji mashuhuri. Cotman alifariki Julai 1842.

Kwa miaka mingi baadaye jina lake lilibaki kwa watu wa Norwich tu. James Reeve, mhifadhi wa makumbusho ya mji huo, aliikusanya michoro ya wenyeji wake kwa uangalifu wakati wengine hawakuijali, na mwaka 1902 British Museum ikaununua mkusanyo wake, ikiwemo picha yetu. Daraja la Greta lilitoka gizani kwa sababu ya mtu mmoja aliyejua thamani ya kilichokuwa karibu naye. Leo halitundikwi ukutani muda wote. Rangi za maji hupauka kwa mwanga, hivyo picha hukaa ndani ya boksi, ikitolewa kwa maonyesho ya muda au kwa mtu aliyeomba kuiona katika chumba cha kusomea. Kitu kilichotengenezwa kwa mwanga kinahifadhiwa kwa kunyimwa mwanga, na wahifadhi wanaofanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu.

Wewe uliye Mombasa, Mwanza au Bukavu unaweza kuiona kwenye tovuti ya British Museum bila malipo. Usiipitishe kwa kidole kama zinavyopitishwa picha nyingine. Ikuze, uanzie kwenye tao, ufuate ukingo wake hadi majini, kisha uhesabu ni tabaka ngapi zilizojenga jabali moja. Na wewe mwalimu wa sanaa, mwenye wanafunzi wanaojaza kila pembe ya karatasi kwa kuhofia weupe, wawekee picha hii mbele yao kwa kipindi kizima. Wape kazi ya rangi moja tu, brashi moja, na mipako mitatu isiyorudiwa. Wengi watashindwa siku ya kwanza, na ni vizuri, kwa kuwa hapo ndipo watakapofahamu alichofanya kijana yule wa Norwich. Kupaka rangi hufundishika kwa wiki chache. Kujua pa kuacha ndio ufundi wenyewe, na hakuna aliyeuonyesha wazi kuliko Cotman katika Daraja la Greta.